Maua ya Mbegu, na Makaburi ya Igoma

Mwezi huu twapenda kusema nanyi juu ya kazi iliyo ndogo machoni pa watu wengi, nayo ni kupanda maua ya bustani kwa mbegu. Hatusemi habari za miti ya maua idumuyo miaka mingi, kama mwaridi na asumini, bali habari za maua ambayo huota, huchanua, huzaa mbegu na kufa, yote hayo ndani ya miezi michache. Huku kwetu Igoma, upande wa mashariki wa mji wa Mwanza, katika njia iendayo Musoma, kazi hii ina sababu yake, nasi tutaieleza mahali pake.

Kwanza na tujue maua haya ni nini. Mtu asidhani kwamba ni mambo mageni ya watu wenye nyumba kubwa. Kila mkulima wa Usukuma amezoea mimea ya namna hii, maana mahindi ndiyo desturi yake, na maharage vilevile: hupandwa na mvua, huzaa, hukauka, na mwaka ujao ni lazima kupanda tena. Na alizeti je? Hilo ni ua kamili la namna hii hii, ila sisi twalipenda kwa mafuta yake. Zinia, marigoldi na kosmosi, maua tutakayoyataja hapa, ni ukoo mmoja na alizeti. Ukichukua ua moja la zinia na kulipasua kwa kisu, utaona kwamba si ua moja, bali ni kusanyiko la maua madogo mengi yaliyobanana juu ya kitako kimoja, kama alizeti ilivyo. Tena yote hayo yalitoka bara la Amerika zamani: alizeti Amerika ya Kaskazini, na haya matatu huko Meksiko. Hata jina la zinia ni la mtu, mganga mmoja wa Ujerumani aliyeitwa Johann Gottfried Zinn, aliyeishi tangu 1727 hata 1759. Lakini mahindi pia yalitoka Meksiko, na leo hakuna anayeyaita chakula cha ugenini.

Wako watu watakaosema, “Maua hayaliwi.” Neno hilo ni kweli, wala hatulipingi. Mwenye shamba dogo asing'oe mihogo yake ili apande marigoldi. Walakini karibu kila nyumba ina mahali pasipofaa kwa chakula: ukingo wa njia, chini ya dirisha, nafasi nyembamba kati ya jikoni na ua. Mahali pa urefu wa mita tatu na upana wa mita moja pametosha kutupa sisi maua ya msimu mzima, na majirani wakapata pia. Tena maua huwaita nyuki, na nyuki wakija kwa zinia huenda na kwa maboga na matango, nayo huzaa vizuri zaidi. Na marigoldi fupi ina faida nyingine: ikipandwa kwa wingi na kwa kubanana msimu mzima mahali palipokuwa na nyanya, mizizi yake hupunguza minyoo midogo ya udongoni iletayo mafundo katika mizizi ya nyanya. Basi mtu asiseme kwamba kazi hii ni upuzi.

Sasa twafika penye sababu yetu. Wakazi wa mji huu hawajaisahau tarehe 21 Mei 1996. Asubuhi ya siku ile meli MV Bukoba, iliyokuwa ikitoka Bukoba na kupitia Kemondo, ilizama ziwani ilipokuwa karibu kufika Mwanza. Mamia ya watu walikufa maji. Hesabu yao kamili haijulikani, maana wasafiri wa daraja la tatu hawakuwa katika orodha ya majina. Wengi waliotolewa majini hawakutambulika, nao wakazikwa pamoja hapa Igoma. Kwa hiyo makaburi haya si ya watu wa Igoma tu. Wenye wafu wao hapa wako Bukoba, wako Muleba, wako Mwanza, wako na mbali zaidi, na wengine hawajui hata leo mpenzi wao amelala upande gani. Kila mwaka ifikapo siku hiyo watu huja kuwakumbuka.

Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, ni katika hao. Mwanawe alipanda meli ile wala hakurudi, wala mwili wake haukutambulika. Kwa miaka mingi mama huyo amekuja na maua ya plastiki yaliyonunuliwa mjini. Siku moja alitukuta tukikata zinia, akasimama, akasema, “Mwalimu, maua yenu ni mazuri, lakini baada ya siku chache yatakuwa majani makavu. Haya yangu hudumu.” Tukamjibu, “Ni kweli, mama, hudumu.” Hatukusema zaidi, maana si adabu kushindana na mtu juu ya kaburi la mwanawe. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, “Ila haya ya dukani, sikumfanyia kazi yo yote. Nilitoa fedha tu.” Mwezi wa Februari uliofuata alikuja kwetu kuomba mbegu. Neno lile la mama huyo ndilo lililotufanya kuandika habari hizi, kwa kuwa twajua wako wengine wenye haja kama yake.

Basi mtu atakaye maua mikononi mwake tarehe 21 Mei, aanze lini? Hapa ndipo wengi hupotea. Hununua pakiti ya mbegu, wakasoma maneno ya nyuma, wakaona imeandikwa kupanda mwezi wa nne au wa tano, baridi ikiisha. Maneno hayo yaliandikwa kwa nchi zenye baridi ya kuua mimea. Huko ua la msimu huishi kati ya baridi ya mwaka huu na baridi ya mwaka ujao. Kwetu hakuna barafu. Kwetu ua huishi kati ya kiangazi na kiangazi, na saa yake ni mvua. Pande hizi za Mwanza mvua za vuli huanza mnamo Oktoba na kufika Desemba; Januari na Februari hupungua; kisha masika huanza Machi na kufika Mei. Tangu Juni hata Septemba ni kavu, na Julai ni kavu kuliko miezi yote.

Zinia huchanua baada ya siku 60 hadi 70 tangu kupandwa mbegu. Hesabu kurudi nyuma: siku 70 kabla ya 21 Mei ni tarehe 12 Machi, na siku 60 ni tarehe 22 Machi. Basi juma la pili na la tatu la Machi ndilo wakati wa kupanda, na masika yenyewe hukusaidia kumwagilia. Aliye na mbegu za kutosha apande nusu tarehe 12, na nusu tarehe 22, ili mvua ikichelewa au ikizidi asikose yote. Na anayetaka maua ya Krismasi afanye hesabu ile ile: siku 70 kabla ya 25 Desemba ni tarehe 16 Oktoba. Hivyo kwetu mwaka mmoja una misimu miwili ya maua, jambo ambalo watu wa nchi za baridi hawalipati.

Kabla ya kupanda, jaribu mbegu zako. Chukua mbegu 10, uziweke katika kitambaa kibichi, ukikunje, ukiweke kivulini ndani ya sahani, na kila siku ukinyunyizie maji kidogo. Baada ya siku 7 fungua uhesabu. Zikiota 8 au zaidi, mbegu ni njema. Zikiota 4 au 5, panda mara mbili ya kadiri. Zikiota 1 au zisiote kabisa, tafuta nyingine. Kazi hii haina gharama, nayo hukuokoa usingoje majuma mawili mbele ya tuta tupu.

Udongo wa Igoma, hasa karibu na majabali, ni wa kichanga, ambao Wasukuma huuita luseni. Ni mwepisi kulima, lakini haushiki maji wala nguvu. Changanya samadi ya ng'ombe iliyooza sana, debe moja kwa kila mita moja ya tuta. Samadi mbichi isitumike, maana huunguza miche. Na yule akaaye bondeni kwenye udongo mweusi wa mbuga, ushikao maji mpaka kutopea, ainue tuta lake kimo cha shubiri moja au zaidi, mizizi isioze wakati wa masika. Upana wa tuta usizidi mita moja, ili mkono ufike katikati pasipo kukanyaga.

Mbegu ifunikwe kwa udongo wa kadiri ya mara mbili au tatu ya unene wake, si zaidi. Zinia, marigoldi na kosmosi zatosha kufunikwa nusu sentimeta. Zinia haipendi sana kuhamishwa, kwa hiyo ni afadhali kuipanda pale pale itakapokaa, mbegu mbili kila shimo, na kung'oa mche ulio dhaifu. Marigoldi huvumilia kuhamishwa, basi yaweza kuanzishwa kitaluni. Mbegu ndogo kama vumbi, mfano wa selosia ile yenye ua kama kishungi cha jogoo, zichanganywe na mchanga mkavu ili zisianguke mahali pamoja, kisha zikandamizwe tu juu ya udongo kwa kiganja.

Tandaza majani makavu juu ya tuta mpaka mbegu zichomoze, kwa kawaida siku 4 hadi 7, ndipo uyaondoe jioni, si mchana wa jua kali. Mwagilia kwa kopo lililotobolewa matundu madogo, asubuhi mapema. Mahali pasipo na hewa, na penye maji mengi, miche hushikwa na kinyaushi: shina hulegea karibu na udongo, na mche huanguka kama uliokatwa. Dawa ya kwanza ni kutobananisha miche na kutozidisha maji. Kuku nao ni adui mkubwa. Tuta lisilo na ua wa miiba ni mahali pao pa kuogea vumbi.

Miche ikiwa na majani jozi nne, kata ncha ya juu ya zinia na marigoldi kwa kucha. Mtu asiyezoea huona huruma, lakini mche uliokatwa hutoa matawi mengi, na kila tawi ua lake. Acha nafasi ya sentimeta 30 kati ya zinia na zinia, na 20 hadi 25 kwa marigoldi fupi. Kosmosi usiipe samadi nyingi, maana ikishiba hutoa majani tu na kuchelewa maua. Yapenda udongo wa kimaskini. Majani ya zinia yakipakwa weupe kama unga, huo ni ugonjwa uitwao ubwiri unga. Tia maji udongoni wala si majanini, na ng'oa miche iliyobanana, hewa ipite.

Nalo neno hili la asili ya mmea wa msimu yafaa kulielewa vema. Mmea huu una kazi moja, nayo ni kuzaa mbegu kabla ya kufa. Mara uonapo kwamba mbegu zake zimekomaa, huona kazi imekwisha, na kuanza kukauka. Kwa hiyo ukikata maua kila yanyaukapo, au ukiyakata mabichi kwa kuyapeleka nyumbani, kanisani au kaburini, mmea hurudi kuchanua tena na tena kwa kuwa haujatimiza kazi yake. Yeye aogopaye kukata maua yake ili yakae bustanini ndiye ayapotezaye mapema. Yakate asubuhi kabla jua halijapanda, kwa kisu kikali, uondoe majani yatakayokaa ndani ya maji, uyatie katika kopo la maji safi, nawe ubadilishe maji kila siku. Zinia iliyotunzwa hivyo hukaa kama juma zima.

Lakini matawi mawili matatu yaliyo bora yaache bila kukata, ndiyo ya mbegu. Wengi huchagua kinyume: hukata mazuri na kuacha mabaya yazae, na baada ya miaka mitatu hushangaa kwamba maua yamekuwa madogo. Ua la mbegu likauke juu ya shina mpaka liwe la rangi ya majani makavu. Mbegu ya zinia iko chini ya kila jani la ua, bapa, mfano wa ncha ya mshale. Ya marigoldi ni nyeusi, nyembamba, yenye mkia mweupe. Ya kosmosi ni kama sindano nyeusi iliyopinda. Anika kivulini kwa majuma mawili, utie katika bahasha ya karatasi, uandike jina na mwezi, kisha uweke bahasha ndani ya chupa ifungikayo sana pamoja na majivu makavu yaliyopoa. Unyevu wa ziwa huua mbegu kuliko umri. Tena ujue kwamba mbegu za dukani zilizo za chotara hutoa maua mazuri mwaka wa kwanza, lakini wana wao hawafanani na wazazi. Kwa mtu atakaye kutunza mbegu zake mwenyewe, ni bora mbegu za kawaida.

Twaonya mambo mawili. La kwanza: si kila ua zuri lafaa kuletwa. Gugumaji la ziwa letu, lenye ua la zambarau lipendezalo, lilitoka Amerika ya Kusini, na watu walilitembeza duniani kwa sababu ya uzuri wake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilionekana katika Ziwa Viktoria, na katika miaka ya 1990 likaziba bandari na kuwazuia wavuvi, hata wakaletwa fukusi wa kulila. Basi usitupe mbegu wala miche ya bustani mtoni au ziwani. La pili: liko ua liitwalo vinka, la waridi au jeupe, lenye majani matano ya ua, asili yake Bukini. Huvumilia kiangazi, nalo limeenea katika nyua nyingi. Kutoka katika majani yake hutengenezwa dawa ya vinkristini, itumikayo kutibu saratani ya damu na ile saratani ya taya za watoto ambayo daktari Denis Burkitt aliiandikia habari huko Uganda mwaka 1958. Lakini majani yenyewe ni sumu. Dawa ile ni kazi ya viwanda na madaktari. Mtu asichemshe majani hayo nyumbani, na watoto wafundishwe wasiyatafune.

Kwa waalimu twaongeza neno moja. Tuta la maua shuleni ni somo la hesabu, la kalenda, na la elimu ya viumbe. Mpe kila mtoto mbegu 5 tu, ahesabu zilizoota, apime kimo cha mche kila Ijumaa, aandike siku ya ua la kwanza. Mtoto aliyengoja siku 65 ameshika jambo ambalo maneno hayawezi kumfundisha. Haba na haba hujaza kibaba.

Yule mama jirani yetu alipanda tarehe 14 Machi nyuma ya jikoni yake, akazungushia miiba kwa sababu ya kuku. Siku ya ukumbusho alikata mafungu matatu. Fungu moja aliliweka makaburini. Fungu la pili akampa mwanamke aliyetoka Bukoba, ambaye alishuka basi asubuhi ile mikono mitupu. La tatu aliliweka mahali ambapo hapakuwa na mtu amesimama. Mwezi wa Julai alituletea bahasha ya mbegu kulipa zile alizochukua, nasi tukaona kwamba ni nyingi kuliko tulizompa.

Ninyi mlio na mbegu, zijaribuni mwezi wa Februari, mkagawe zilizozidi kwa jirani kabla mvua haijanyesha. Na ninyi msio nazo, ulizeni nyumba ya pili.